Balaki Kirya: Waziri aliyefungwa kwa sheria ya serikali yake

Jumanne ya tarehe 22 Februari 1966, Baraza la Mawaziri la Uganda lilikutana Entebbe. Kikao hakikwenda mbali. Polisi wenye silaha waliingia chumbani na kuwachukua mawaziri watano mbele ya wenzao. Walikuwa Grace Ibingira, aliyekuwa pia Katibu Mkuu wa chama tawala cha UPC. Daktari Emmanuel Lumu wa Afya. George Magezi wa Nyumba na Kazi. Mathias Ngobi wa Kilimo na Ushirika. Na Balaki Kirya, Waziri wa Madini na Maji.

Wawili kati ya watano hao walitoka mashariki ya nchi. Ngobi alikuwa mtu wa Busoga, ambako mji mkuu ni Jinja. Kirya alikuwa mtu wa Budaka, mji mdogo ulio magharibi ya Mbale, katika iliyokuwa wilaya ya Bukedi. Aliingia kizuizini siku ile akiwa mwanasiasa katika kilele cha nguvu zake. Alitoka karibu miaka mitano baadaye, na waliomtoa hawakuwa majaji bali wanajeshi.

Maisha ya Kirya yanastahili kukumbukwa kwa sababu moja kubwa. Sheria iliyotumika kumfunga ilipingwa mahakamani na ikatamkwa kuwa kinyume cha Katiba. Lakini hakuna mwanasiasa aliyeulizwa lolote juu yake. Swali lililobaki pale ndilo ambalo Afrika Mashariki inaendelea kujiuliza hadi leo: je, mwanasiasa anayetunga au kutumia sheria ambayo baadaye inabatilishwa awajibike yeye mwenyewe?

Kijana wa Bukedi

Kirya alikulia katika nchi iliyokuwa na historia nzito ya utawala wa mabavu. Budaka ni mahali ambapo Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, alijenga ngome mwanzoni mwa karne ya 20 alipokuwa akiitiisha Bukedi, kabla Waingereza hawajaichukua kwake. Kakungulu huyo huyo ndiye aliyeuanzisha mji wa Mbale, na baadaye akapelekwa Jinja kuongoza baraza la machifu wa Busoga. Watu wa eneo hilo waliijua serikali kwanza kama kitu kinacholetwa kutoka nje, chenye kodi, kazi ya lazima na viboko.

Mji wa Mbale wenyewe ulikuwa na ugomvi wake. Mwaka 1954 Bugisu ilipotengwa na Bukedi, kila upande ulidai kwamba Mbale ni yake. Mzozo uliendelea hadi uhuru, na Katiba ya mwaka 1962 ikaufanya Mbale kuwa eneo la pekee, lisilohesabiwa ndani ya wilaya yoyote kati ya hizo mbili. Mwanasiasa wa Bukedi wa zama hizo alilazimika kujua sheria na mipaka, kwa kuwa madai ya watu wake yaliandikwa kwa lugha hiyo.

Mwaka 1958 uchaguzi wa moja kwa moja wa wajumbe Waafrika wa Baraza la Kutunga Sheria ulifanyika kwa mara ya kwanza katika wilaya nyingi zilizo nje ya Buganda. Kirya aliingia barazani akiiwakilisha Bukedi. Humo alikutana na Milton Obote wa Lango, Magezi wa Bunyoro, Cuthbert Obwangor wa Teso na William Nadiope wa Busoga. Mwishoni mwa mwaka huo baadhi yao, Kirya akiwamo, waliunda chama cha Uganda People's Union.

Januari 1960 Bukedi ililipuka. Wananchi walichoshwa na kodi na namna machifu walivyoikadiria na kuikusanya. Nyumba za machifu zilichomwa, polisi walifyatua risasi na watu wakafa. Ilikuwa ishara kwamba mashariki haikutaka tena kutawaliwa kwa amri. Miezi miwili baadaye, Machi 1960, chama cha akina Kirya kiliungana na kundi la Obote la Uganda National Congress, na UPC ikazaliwa. Kirya alikuwa miongoni mwa waasisi wake.

Uhuru ulikuja tarehe 9 Oktoba 1962. Obote alikuwa Waziri Mkuu. Mwaka uliofuata Kabaka Mutesa II akawa Rais, na Nadiope, Kyabazinga wa Busoga, akawa Makamu wa Rais. Kirya akawa waziri. Kwa wapiga kura wa Mbale na Jinja, mashariki sasa ilikuwa na watu wake mezani.

Sheria iliyoachwa kabatini

Katiba ya uhuru ilikuwa na sura nzima ya haki za raia. Ilisema kwamba hakuna mtu atakayenyimwa uhuru wake isipokuwa kwa njia zilizotajwa na sheria, na kwamba raia ana haki ya kwenda na kukaa popote nchini mwake.

Wakati huo huo, katika vitabu vya sheria kulibaki sheria ya zama za ukoloni ya kuwahamisha watu kwa nguvu. Ilimpa mtawala uwezo wa kumwondoa mtu sehemu moja ya nchi na kumlazimisha akae sehemu nyingine, chini ya ulinzi, bila kesi ya jinai. Gavana aliitumia dhidi ya wapinzani wa utawala wa Kiingereza. Viongozi wa mgomo wa biashara wa mwaka 1959 huko Buganda walipelekwa wilaya za mbali kwa nguvu za namna hiyo.

Serikali ya uhuru haikuifuta sheria hiyo. Ilibadilisha majina tu: pale palipokuwa na gavana pakawa na waziri. Katika miaka zaidi ya mitatu ambayo Kirya alikaa katika Baraza la Mawaziri, wala yeye wala wenzake hawakuiondoa. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na katika jambo hili hata waliokikuta kisima kimechimbwa na wengine wakakiacha wazi walikuja kutumbukia.

Kwa nini waliiacha? Sababu moja ni hofu. Januari 1964 askari wa kambi ya Jinja waliasi wakidai mishahara. Walimshikilia Felix Onama, waziri aliyekwenda kuzungumza nao, na serikali ikalazimika kuwaita askari wa Kiingereza kutuliza hali. Maasi ya Jinja yalitokea wiki moja na yale ya Tanganyika na ya Kenya. Serikali changa zilizotikiswa hivyo hazikuwa na haraka ya kujipunguzia silaha za kisheria. Baada ya Jinja, jeshi liliongezewa mshahara, na ofisa mmoja aitwaye Idi Amin akazidi kupanda cheo.

Mahakama ya kanda yasema hapana

Mwanzoni mwa mwaka 1966 UPC ilikuwa imegawanyika. Tarehe 4 Februari, Obote akiwa ziarani kaskazini, mbunge Daudi Ocheng aliwasilisha bungeni hoja ya kutaka uchunguzi juu ya dhahabu na pembe zilizotoka Kongo na fedha zilizoonekana katika akaunti ya Amin. Hoja ilipita karibu kwa kauli moja. Obote aliiona kuwa njama ya kumwondoa. Siku kumi na nane baadaye mawaziri watano wakawa mahabusu. Muda mfupi baada ya hapo Katiba ya 1962 ikasimamishwa, Rais na Makamu wake wakaondolewa, na Aprili Bunge likapewa Katiba mpya ya kupitisha bila kuisoma.

Kirya na wenzake wanne hawakushitakiwa kwa kosa lolote. Walishikiliwa kwa ile sheria ya ukoloni na kupelekwa mbali na makwao. Wakaomba Mahakama Kuu iamuru waachiwe. Ikakataa. Wakakata rufaa katika Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki.

Hapa panahitaji kukumbukwa na kila msomaji wa kanda hii. Mahakama hiyo haikuwa ya Uganda peke yake. Ilikuwa mahakama moja ya juu kwa Kenya, Uganda na Tanzania. Majaji wake walisoma sheria ya uhamisho wakiiweka kando ya sura ya haki za raia, wakaona haviwezi kukaa pamoja. Raia wa Uganda hakuweza kunyimwa uhuru wake na kufungiwa katika pembe ya nchi yake mwenyewe kwa amri ya waziri tu. Sheria ile ilikuwa batili kwa raia.

Kwa karatasi, Kirya alikuwa mtu huru. Kwa hali halisi, hakuwa. Tangu Mei 1966, katika mgogoro uliomalizikia kwa jeshi kulishambulia kasri la Kabaka huko Mengo, hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Buganda, na ndani ya Buganda kanuni za dharura ziliruhusu kizuizi bila kesi. Mahabusu hao walihamishiwa Buganda, wakaachiwa huko, na papo hapo wakakamatwa tena, sasa kwa kanuni hizo. Walirudi mahakamani mara ya pili, safari hii bila mafanikio.

Bunge nalo lilifanya sehemu yake. Mwaka huo huo wa 1966 lilipitisha sheria ya kuhalalisha uhamisho. Lengo lake lilikuwa kuyakinga yale yaliyokwisha kutendwa chini ya sheria iliyotamkwa kuwa batili, ili waliotendewa wasiweze kudai chochote kwa waliotenda. Wabunge ambao miezi michache nyuma walikaa benchi moja na Kirya, Ngobi, Magezi, Lumu na Ibingira walipiga kura ya kuhakikisha kwamba hakuna atakayejibu kwa kifungo chao.

Godfrey Binaisa, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa serikali katika mwaka huo wote, alijiuzulu mwaka 1967. Mwaka huo Katiba nyingine ilitungwa, falme zikafutwa, na ikapitishwa Sheria ya Utulivu na Usalama wa Umma iliyoruhusu kumweka mtu kizuizini bila kesi nchi nzima. Baada ya hapo hapakuwa na haja tena ya kumpeleka mtu Buganda ili afungwe.

Kirya alikaa ndani hadi Januari 1971. Amin alipoipindua serikali ya Obote, mojawapo ya matendo yake ya kwanza lilikuwa kuwafungulia mahabusu 55 wa kisiasa, mbele ya umati uliojaa furaha. Mawaziri watano walikuwamo. Furaha haikudumu. Mwaka 1972 Amin naye alitoa dikrii iliyozuia serikali na watu wake kushitakiwa kwa mambo yaliyofanywa kwa jina la usalama tangu alipotwaa madaraka. Kinga ile ya 1966 ilikuwa imepata mrithi. Mwaka 1973 Shaban Nkutu, waziri wa zamani kutoka Busoga, aliuawa Jinja. Na Februari mwaka huo watu walipigwa risasi hadharani Mbale baada ya hukumu ya mahakama ya kijeshi.

Kutoka mfungwa hadi mlinzi

Baada ya Amin kuanguka mwaka 1979 na Obote kurudi madarakani Desemba 1980, Kirya aliingia upande wa waliochukua silaha. Alikuwa mwenyekiti wa Uganda Freedom Movement, kundi lililopigana na serikali likitumia Nairobi kama mahali pa kupumulia. Mwaka 1982 alichukuliwa kutoka Nairobi na kupelekwa Uganda, ambako alishitakiwa kwa uhaini. Mpaka wa Busia na Malaba, ambao leo wananchi huuvuka kwa kitambulisho, haukumpa yeye hifadhi yoyote.

Kisha gurudumu likazunguka tena. Yoweri Museveni alitwaa madaraka Januari 1986 na kuunda serikali iliyojumuisha watu wa makundi mbalimbali. Kirya akawa Waziri wa Nchi anayeshughulikia Usalama. Mtu aliyefungwa kwa jina la usalama sasa ndiye aliyekuwa na jina hilo mlangoni mwa ofisi yake.

Miaka hiyo ilikuwa ya vita kaskazini na Teso. Mashirika ya haki za binadamu, Amnesty International likiwa mojawapo, yalilalamika kwamba watu wengi walikuwa wakizuiliwa katika kambi za jeshi bila mashitaka na bila kufikishwa mahakamani. Ile sheria ya 1967 ilikuwa ingali vitabuni. Wote waliojua habari za mwaka 1966 wangetarajia kwamba Kirya, kuliko waziri mwingine yeyote, angeivunja desturi hiyo. Haikuvunjika katika wakati wake. Alifariki dunia katika miaka ya tisini.

Haitoshi kumwita mnafiki na kufunga ukurasa. Waziri mmoja hawezi peke yake kuiondoa mashine iliyojengwa na serikali tatu. Lakini habari zake zinaonyesha kwamba mateso pekee hayamfundishi mwanasiasa kuiheshimu Katiba. Kinachohitajika ni gharama anayojua kwamba ataibeba.

Nani alipe?

Wanaopinga wazo la kuwawajibisha wanasiasa wana hoja nzito. Mbunge anayepiga kura hawezi kujua leo kile ambacho jaji ataamua baada ya miaka mitano. Hata majaji hutofautiana, kama Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zilivyotofautiana katika kesi ya Kirya. Kila mbunge akihofia kuuza nyumba yake kwa sababu ya kura, hakuna sheria ngumu itakayotungwa. Ndiyo maana Katiba za nchi zetu zinampa mbunge kinga kwa anayosema na kutenda bungeni.

Zaidi ya hayo, kama kila aliyeiacha sheria mbaya iendelee angeshitakiwa, Kirya mwenyewe angekuwa mshitakiwa kwanza na mlalamikaji baadaye.

Lakini kesi yake inatenganisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kurithi sheria na kuitumia kabla mahakama haijasema neno ni kosa la uzembe, au hata si kosa. Kumhamisha mfungwa kutoka wilaya hadi wilaya ili hukumu isimfikie, kisha kutunga sheria ya kujisafisha, ni jambo jingine. Aliyefanya hivyo alikwisha kuijua Katiba inasemaje, kwa kuwa alisomewa. Uwajibikaji wa mtu binafsi unapaswa kuanzia pale hukumu inapotolewa.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaonekana kuelewa tofauti hiyo. Ibara ya 92 inalikataza Bunge kutunga sheria ya kubadilisha uamuzi wa mahakama kati ya wahusika wa kesi. Ibara ya 23 inampa mtu aliyezuiliwa kinyume cha sheria haki ya fidia kutoka kwa mtu au mamlaka iliyomzuilia. Sheria ya mwaka 2019 ya kutekeleza haki za binadamu ilikwenda mbele zaidi: inaruhusu ofisa wa umma aliyevunja haki kuwajibika yeye binafsi. Mwananchi wa Budaka au wa Bugembe anaweza leo kupeleka madai kama hayo katika Mahakama Kuu iliyoko Mbale au Jinja, bila kusafiri hadi Kampala.

Hata hivyo ofisa anayezungumziwa mara nyingi ni polisi au askari wa magereza, si waziri aliyeandaa muswada. Agosti 2000 Bunge la Uganda lilipitisha marekebisho ya Katiba kwa saa chache. Januari 2004 Mahakama ya Juu ikayabatilisha. Mwaka 2013 ilipitishwa sheria ya mikutano ya hadhara, na kwa miaka kadhaa mikutano ya upinzani ikazuiwa kwa nguvu ya kifungu cha 8. Machi 2020 Mahakama ya Katiba ikakifuta kifungu hicho. Waliokamatwa kwa kifungu hicho wana majeraha na siku walizopoteza. Waliokitunga wana pensheni zao. Fidia ikilipwa, inatoka hazina, yaani mfukoni mwa mlipakodi, pamoja na yule aliyepigwa.

Jirani nao wanalipima swali hili kwa njia zao. Kenya, katika kesi ya mpango wa BBI, Mahakama Kuu ilisema mwaka 2021 kwamba Rais anaweza kushitakiwa binafsi kwa madai ya kuvunja Katiba akiwa madarakani. Machi 2022 Mahakama ya Juu ikalikataa hilo. Tanzania, Ibara ya 30 ya Katiba inairuhusu mahakama, badala ya kuifuta sheria mbovu hapo hapo, kuipa serikali au Bunge muda wa kuirekebisha. Ni njia ya upole, lakini ina faida moja: muda ukiisha bila marekebisho, hakuna tena wa kusema hakujua.

Mahakama iliyomtetea Kirya ilikufa pamoja na Jumuiya ya kwanza mwaka 1977. Iliyoko Arusha sasa ni Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, na mwaka 2007, katika kesi ya washitakiwa wa Uganda waliokamatwa upya mahakamani Kampala baada ya kupewa dhamana, iliamua kwamba kuingilia kazi ya mahakama namna ile kulivunja misingi ya Jumuiya. Washitakiwa wale walikuwa wamefanyiwa mwaka 2005 jambo lile lile alilofanyiwa Kirya mwaka 1966: kuachiwa na jaji, kukamatwa na serikali.

Jumuiya ikitaka kulimaliza jambo hili, haihitaji kuanza kwa kuwashitaki wabunge wote. Ingeanza na mawaziri na maofisa wanaoikwepa hukumu iliyokwisha kutolewa, na kuwaandikia kwamba fidia ya siku hizo itatoka mfukoni mwao. Kama kanuni hiyo ingekuwapo mwaka 1966, kuna mtu ambaye angefikiri mara mbili kabla ya kutia saini amri ya kuwahamishia Buganda watu watano waliokwisha kushinda kesi yao.